Bei ya Kariakoo Haina Pasipoti

Mwishoni mwa Julai 2025 aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, alitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15 nchini Tanzania. Katika orodha hiyo imo biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na wauzaji maalumu wa jumla wa bidhaa za wazalishaji wa ndani. Umo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni zisizo za hoteli, udalali, uongozaji watalii, ununuzi wa mazao shambani na mashine za kubahatisha nje ya kasino. Mgeni atakayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kibali chake cha ukaazi kinafutwa. Mtanzania atakayemficha ana adhabu yake: milioni 5 au miezi mitatu. Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, ilishangilia. Tarehe 1 Agosti, wiki ileile, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua pale Ubungo, kwenye kiwanja kilichokuwa stendi ya mabasi ya mikoani, kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000 kilichojengwa kwa mtaji wa Kichina ili mzigo wa viwandani ukae karibu zaidi na mnunuzi wa Afrika Mashariki. Matukio haya mawili yalishangiliwa yote, na ni wachache waliosimama kujiuliza yanakaaje katika sera ya nchi moja.

Nadhani tumeisoma vibaya hali ya soko letu. Mjadala mzima umekuwa juu ya nani anauza, wakati swali lenye uzito ni bei imetoka wapi. Kilichoibadilisha Kariakoo miaka hii ni kufupika kwa njia kati ya kiwanda na mnunuzi, na bei ya chini inayotokana na ufupisho huo itabaki hata siku Mchina wa mwisho atakapofunga duka lake Mtaa wa Aggrey. Ipo bei ya chini ya aina nyingine, ile inayotokana na kodi iliyokwepwa, ubora uliochakachuliwa au jasho la mtu lisilolipwa. Hiyo ndiyo inayostahili kupigwa vita, nayo inauzwa na raia na wageni kwa pamoja. Amri ya Julai haizitofautishi. Inamkagua muuzaji na kuiacha bei ipite.

Inafaa kukumbuka tulikotoka, maana nchi hii imewahi kuishi bila bidhaa rahisi. Mwaka 1976 serikali iliendesha Operesheni Maduka, ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika. Maduka ya ushirika hayakuwa na mzigo wala mtaji, rafu zikabaki tupu, na operesheni ikasitishwa kabla mwaka haujaisha. Miaka ya mwanzo ya themanini wazazi wetu walipanga foleni ya sukari, sabuni na khanga, na mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Kuanzia 1984 serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa sana wamezipata wapi, Kariakoo ya leo ikaanza kuota. Wafanyabiashara wakaenda Dubai, baadaye wakagundua kwamba Dubai nayo ni kituo tu cha njiani, wakasonga mpaka miji ya Guangzhou na Yiwu huko China. Mtaji wa vizazi vile ulikuwa umbali wenyewe. Aliyejua ndege ya kupanda, soko la kuingia, dalali wa kumwamini na wakala wa forodha wa kumpigia simu alikuwa na kitu ambacho jirani yake hakuwa nacho, na faida yake ilikuwa malipo halali ya kujua njia.

Ili ionekane vizuri, tuufuate mkoba mmoja wa kike, kwa tarakimu za mfano. Kiwandani China unauzwa kwa fedha inayolingana na shilingi 7,000. Dalali wa soko la jumla Guangzhou anaweka chake, unakuwa 8,000. Ukilipia nafasi kwenye kontena, unafika bandarini Dar es Salaam ukiwa na thamani ya 8,500. Ushuru wa forodha wa asilimia 35, ambao ndio daraja la juu la Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, vinaupandisha hadi 13,500. Ongeza gharama za kuutoa na kuupeleka stoo, unasimama kwenye 14,000. Mwagizaji anauuza kwa jumla 17,000. Mwenye stoo ndogo anayegawa kwa robo dazeni anauuza 20,000. Duka la rejareja Mbagala au Mwanza linauuza 27,000. Kila aliyegusa mkoba huu amepata riziki yake na hakuna aliyeiba.

Sasa aje muuzaji ambaye binamu yake ndiye mwenye kiwanda. Hamhitaji dalali wa Guangzhou. Analipa ushuru uleule wa asilimia 35 na kodi ileile, mkoba unafika stoo kwa takriban 12,500. Anaweka duka chini na stoo juu, anauza bei moja kwa anayechukua kumi na anayechukua mmoja: 17,000. Anapata 4,500 kwa kila mkoba, zaidi ya 3,000 aliyokuwa akipata mwagizaji wetu, na mnunuzi wa mwisho ameokoa 10,000. Ukiwasikiliza wafanyabiashara wa Kariakoo kwa makini, malalamiko yao makubwa ni hilo hasa: anauza rejareja kwa bei ya jumla. Muuzaji huyu ameruka vituo viwili vya njiani hapa nchini, cha stoo ndogo na cha rejareja, na waliokuwa wamekaa kwenye vituo hivyo wamebaki na meza zao. Maumivu yao ni ya kweli. Lakini yangekuwa yaleyale kama aliyeruka angekuwa Mtanzania.

Na Watanzania wameshaanza kuruka. Fungua simu yako uone kurasa za Instagram na makundi ya WhatsApp ya vijana wa Dar es Salaam wanaoagizia watu mizigo kutoka China. Kijana mmoja anakaa Guangzhou, anapita madukani na kamera, mteja aliyeko Songea anachagua rangi, analipa kwa simu, mzigo unachanganywa na wa wenzake kwenye kontena moja na kutozwa kwa ujazo. Baada ya wiki kadhaa mteja anapigiwa simu aende stendi kuchukua. Mteja huyo hajakanyaga Kariakoo. Amemruka mwagizaji, mwenye stoo, mwenye duka na machinga kwa mkupuo mmoja. Vijana hawa wana vitambulisho vya taifa na hakuna amri itakayowagusa, wala haipaswi kuwagusa. Miaka kumi ijayo, nguvu yao juu ya bei za Kariakoo huenda ikawa kubwa kuliko ya maduka yote ya wageni yaliyofungwa.

Wanaotetea amri wana hoja nzito, na mimi nazichukulia kwa uzito wake. Ya kwanza ni mtaji. Mfanyabiashara wetu anakopa benki kwa riba ya karibu asilimia 15 kwa mwaka, tena akiwa na hati ya nyumba mkononi. Fedha yake inakaa kwenye mzigo kipindi kirefu: kiwanda kinatengeneza, meli inasafiri, bandari inakagua, kisha ndipo kuuza kunaanza, na nusu mwaka umekatika. Mgeni anayepewa mzigo kwa mali kauli na kiwanda cha ndugu yake halipi riba hiyo. Anauza kwanza, analipa baadaye. Hapo mashindano hayakuanzia mstari mmoja. Pamoja na mtaji kuna pango. Wenye nyumba wa Kariakoo wamepandisha kilemba, yaani malipo ya kuachiwa fremu ya duka, na kodi ya pango kwa sababu wapo wapangaji wanaoweza kulipa mwaka mzima au miwili kwa mkupuo, wengine kwa dola, mpaka kanuni za Machi 2025 zilipokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Tusisahau, hata hivyo, kwamba wenye nyumba hizo ni Watanzania, na kwamba katika kila duka la mgeni linalolaumiwa kuna mwananchi aliyepokea kilemba.

Hoja ya pili ndiyo iliyonigusa zaidi. Soko halipangi bei peke yake, linafundisha watu pia. Matajiri wengi wa Kariakoo tunaowajua walianza na sanduku la mitumba au meza ya soksi Mtaa wa Kongo. Alianza kijana na mzigo wa kukopeshwa asubuhi na kurudisha hesabu jioni, akapata kona ya duka la kuchangia, akapata duka, mwisho akasafiri. Ngazi hiyo ndiyo chuo kikuu cha biashara cha watoto ambao hawakumaliza shule. Ukiondoa vidato vya kati, yaani yule mwenye stoo ndogo na yule wa rejareja, machinga anabaki machinga mpaka uzeeni, maana juu yake hakuna pa kushika. Mnunuzi ameokoa 10,000 yake, lakini mtoto wa mnunuzi huyohuyo amepoteza mahali pa kujifunzia kazi. Mtu anayesema bei ya chini ni neema tupu hajaiangalia ngazi hii, na wachumi wetu wengi hawaiangalii kwa sababu haionekani kwenye takwimu za mfumuko wa bei. Nikubali pia kwamba hoja hii inatosha kuhalalisha hatua fulani za serikali. Ninachouliza ni kama hatua iliyochukuliwa inaijenga ngazi hiyo upya. Kumwondoa mgeni mmoja hakumpi machinga mali kauli wala kumpunguzia riba, na nafasi iliyoachwa wazi itajazwa na mwenye mtaji mkubwa aliye karibu, ambaye naye atauza rejareja kwa bei ya jumla.

Iko hoja ya tatu, inayorudiwa mno vijiweni na hata bungeni, ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba wageni wanauza kwa hasara makusudi ili watuue, kisha wapandishe bei wakibaki peke yao. Mchezo huo upo duniani na sheria za ushindani zinaujua. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2010. Lakini ili mchezo huo ulipe lazima mambo mawili yawepo. Muuzaji awe na sehemu kubwa ya soko kiasi kwamba akipandisha bei mnunuzi hana pa kwenda, na mlango wa kuingia sokoni uwe mgumu kiasi kwamba bei ikipanda hakuna mpya atakayeingia. Kariakoo haina hata kimoja. Mtaa mmoja una maduka kadhaa yanayouza mkoba uleule, wenye maduka wenyewe wanashindana, na atakayepandisha bei Jumatatu atamkuta mwenzake amemchukulia wateja Jumanne. Mwenye kuuza kwa hasara katika soko la namna hii anaungua mwenyewe. Kama wapo wanaouza chini ya gharama unayoweza kuikokotoa, basi gharama moja uliyoihesabu kwako yeye hailipi, na hapo ndipo uchunguzi unapotakiwa kuanza.

Hofu ile ina mahali pake, na ni vizuri kupaonyesha. Novemba 2012 kampuni ya ndege ya fastjet ilianza safari zake za kwanza kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, ikitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Watu waliokuwa hawajawahi kuuona uwanja wa ndege kwa ndani walipanda, na mashirika mengine yakalazimika kuziangalia upya nauli zao. Nauli zile za kuanzia zilibebwa kwa sehemu na fedha za wawekezaji waliokuwa wakisubiri soko likue. Desemba 2018 kampuni iliondoka angani Tanzania. Huwezi kuamka asubuhi ukaanzisha shirika la ndege kama unavyofungua duka la mikoba, kwa hiyo nafasi yake haikuzibwa na washindani kumi. Walibaki wachache, na tangazo la nauli ile halikurudi. Hilo ndilo soko ambalo bei ya chini ya leo haisemi lolote juu ya bei ya kesho.

Usafiri wa mjini kwa programu za simu unafundisha jambo jingine. Uber iliingia Dar es Salaam mwaka 2016, Taxify, ambayo sasa ni Bolt, ikafuata, na nauli ya gari dogo ikashuka mpaka ikamfikia mwalimu na muuguzi. Abiria alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Ila nauli ilishuka wakati mafuta hayashuki, matairi hayashuki, na mwenye gari anataka hesabu yake ya wiki bila kupungua. Tofauti hiyo ililipwa na dereva, kwa kukaa barabarani saa nyingi zaidi. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipopanga kwamba kampuni zisikate zaidi ya asilimia 15 ya nauli, Uber ilisitisha huduma zake za kawaida mwezi Aprili. Ilirudi Januari 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Sipendi jinsi mgogoro ule ulivyoishia, lakini angalau mdhibiti aliuliza swali sahihi. Hakuuliza kampuni ni ya nchi gani. Aliuliza nani anabeba mzigo wa nauli hii rahisi.

Swali hilohilo likipelekwa Kariakoo lina majibu yasiyopendeza. Turudi kwenye mkoba. Muuzaji anayeandika kwenye hati zake za forodha kwamba umefika bandarini kwa thamani ya 3,000 badala ya 7,500 amejipunguzia kodi kwa karibu shilingi 2,700 kwa kila mmoja. Mwenzake aliyeandika ukweli hawezi kuipata fedha hiyo kwa ujanja wowote wa biashara. Ongeza mauzo yasiyopitishwa kwenye mashine ya risiti, mtindo wa kumuuliza mteja "yenye risiti au isiyo na risiti?" na kumpa bei mbili, na biashara moja kubwa inayokatwa vipande ili kila kipande kikae chini ya milioni 200 za mauzo kwa mwaka, ambazo tangu Julai 2023 ndizo kikomo cha kusajiliwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani. Hapa ndipo mfanyabiashara mwaminifu anapouawa kila siku, na wauaji wake wanaongea Kiswahili fasaha. Ikumbukwe kwamba Mei 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolazimika kwenda kuzungumza na wafanyabiashara waliogoma, malalamiko ya mbele kabisa yalikuwa kamatakamata ya maofisa wa kodi na usajili wa stoo. Walikuwa na haki kulalamikia vitisho na rushwa. Lakini mfumo ambao kila mtu anauogopa na wengi wanaukwepa unazalisha bei ambazo hazisemi ukweli, na bei zisizosema ukweli haziwezi kutuambia nani ni mshindani bora.

Ubora nao ni kodi ya aina yake. Waya wa umeme ulioandikwa unene fulani na ndani shaba ni nyembamba, waya wa kurefushia umeme usio na fyuzi, betri ya simu isiyofika miezi mitatu: hizi zote zina bei nzuri dukani. Mnunuzi hana kipimo cha kuzipima, kwa hiyo analinganisha kitu pekee anachokiona, yaani bei, na muuzaji wa waya halali anaonekana mlanguzi. Baada ya muda waya halali unatoweka mtaani kwa sababu hauuziki. Soko la namna hiyo halikushindana kwa bei, limeshindana kwa kuficha, na kazi ya Shirika la Viwango, TBS, ni kulizuia hilo dukani kama inavyolizuia bandarini, bila kujali jina lililoko kwenye leseni.

Majirani zetu wameshaipita njia hii ya kuchuja wauzaji kwa uraia. Kenya ilipitisha sheria ya leseni za biashara mwaka 1967 iliyowabana wasio raia katika maeneo na bidhaa fulani. Uganda ilikwenda mbali zaidi kwa ukatili wa 1972, pale Idi Amin alipowapa Waasia siku 90, maduka yakagawiwa kwa wale ambao Waganda wenyewe waliwabatiza jina la mafuta mingi, yaani matajiri wa ghafla, na muda si mrefu sukari na chumvi vikawa vitu vya kutafutwa. Silinganishi amri yetu na ukatili ule. Ninachokitazama ni jambo moja la kibiashara: duka ni mnyororo wa mikopo, uaminifu na taarifa, na mnyororo huo haurithiwi pamoja na funguo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Nairobi. Januari 2023 duka kubwa la China Square lilifunguliwa Unicity Mall, Thika Road, likiuza vyombo, mapazia na vifaa vya nyumbani kwa bei zilizowafanya watu wapange foleni. Wafanyabiashara wa Nyamakima, Gikomba na Kamukunji waliandamana mwezi uliofuata, na kabla yao Waziri wa Biashara wakati huo, Moses Kuria, alikuwa ametangaza kwamba yuko tayari kununua pango la duka lile ili wapewe wafanyabiashara wa ndani. Duka lilifungwa kwa muda, likafunguliwa tena, na baadaye likaongeza matawi. Wakenya wengi walilitetea mitandaoni kwa sababu waliona kwa macho yao bei waliyokuwa wakitozwa siku zote na bei iliyowezekana. Sehemu ya tofauti ile ilikuwa faida ya njia ndefu, na wanunuzi hawakuwa tayari kuendelea kuilipa kwa jina la uzalendo.

Ghana nayo ilitenga biashara ndogo za sokoni kwa raia katika sheria yake ya uwekezaji ya mwaka 2013, na kumtaka mgeni anayetaka kufanya biashara ya kuuza bidhaa awe na mtaji wa dola milioni moja na aajiri Waghana wasiopungua 20. Waliofungiwa maduka kwa kelele nyingi hawakuwa matajiri wa mbali. Walikuwa Wanigeria, watu wa jumuiya moja ya kikanda, na mgogoro ukapanda mpaka ngazi ya mabunge mwaka 2020. Sisi tulianza kuonja ladha hiyo mara amri ilipotoka, Kenya ilipolalamika kwamba inakiuka Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki. Mkongo wa Lubumbashi na Mzambia wa Lusaka wanakuja Kariakoo kwa sababu ya bei. Hawana mapenzi na Mtaa wa Msimbazi. Bei ikipanda kwa sababu vidato vya njiani vimerudishwa kwa nguvu ya sheria, watakwenda kununua walikokwenda wafanyabiashara wetu, na wateja hao wakiondoka, atakayeachwa na meza tupu ni machinga na mbeba mizigo tuliyesema tunamlinda.

Ninaloliogopa zaidi ni jambo la utekelezaji. Faini ya milioni 5 kwa Mtanzania anayemficha mgeni ni ndogo ukiilinganisha na faida ya kontena moja, kwa hiyo soko la kukodisha majina lina sababu zote za kustawi. Leseni itakuwa ya Mtanzania, namba ya mlipakodi itakuwa ya Mtanzania, mashine ya risiti itasoma jina la Mtanzania, na nyuma ya pazia mzigo, hesabu na faida vitabaki vilevile. Kabla ya amri, ofisa wa kodi alikuwa na uwezo wa kumfuata mwenye mzigo kwa jina lake na kumlinganisha na hati zake za bandarini. Baada ya amri atamkuta kijana anayelipwa mshahara kwa kuazimisha jina, asiyejua kiwanda kiko mji gani. Tutakuwa tumeifanya bei isiyosema ukweli iwe ngumu zaidi kuchunguzika.

Leseni za biashara hudumu mwaka mmoja, na zile za wageni zilizokuwa hai ziliachwa hadi ziishe. Kwa hiyo kipimo cha amri hii hakihitaji kamati nyingine. Mamlaka ya Mapato ina hati za kila kontena lililopita bandarini, zenye thamani iliyotajwa, ujazo na jina la mpokeaji. Ichukue bidhaa 50 zinazouzwa sana Kariakoo, ilinganishe thamani zilizotajwa na waagizaji mbalimbali kwa bidhaa ileile kutoka mji uleule, na iwaite wale ambao namba zao ziko chini kupita kiasi, wawe raia au wageni. Tume ya Ushindani iliangalie soko la pango na kilemba, ambako wenye nyumba wana nguvu kuliko muuzaji yeyote wa mikoba. Benki, pamoja na mfuko wa dhamana wa serikali, ziwape vikundi vya waagizaji wadogo mkopo wa miezi sita unaolipwa mzigo ukiuzwa, wanunue kontena kwa pamoja moja kwa moja kiwandani. Mkopo wa namna hiyo utawapa wenyewe kile ambacho mgeni hupewa na binamu yake, na machinga atapata tena kidato cha kushika. Hatua hizi zitawauma Watanzania wengi wenye majina makubwa, na nadhani ndiyo sababu kumfukuza mwenye pasipoti ya nje kulionekana kazi nyepesi zaidi.